Swali Ambalo Bwana Kinga Hakumuuliza Mama Mkwe Wake

Saa mbili asubuhi, katika chumba kidogo mkabala na duka la dawa la hospitali, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri anamuuliza dereva wa lori mwenye mvi kama jana alitumia kondomu.

Dereva anacheka. Mkewe, aliyeketi pembeni, anajifunika uso kwa mtandio. Muulizaji hacheki wala hainamishi kichwa. Anarudia swali.

"Mzee, dawa hii inapambana na uvimbe wa kichwani, lakini mtoto akitungwa wakati unaitumia anaweza kuzaliwa na kasoro," anasema. "Kwa hiyo ya kitandani kwako yananihusu. Nisamehe tu."

Hospitalini wanamwita Bwana Kinga. Ni msaidizi wa utafiti, ana miaka thelathini na minne, na mkataba wake huhuishwa kila baada ya miezi sita. Utafiti wenyewe una sehemu mbili: kupima dawa ya vidonge kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, na kujua wagonjwa hao wanauonaje uzazi wa mpango. Hakuna anayepewa vidonge bila kupita kwake.

Wauguzi wanasema ana macho makavu. Kati ya wagonjwa waliopita kwake ameshawauliza viongozi wa dini, mwalimu wake wa shule ya msingi, na hata mwenye nyumba wake.

"Mwezi uliofuata akanipandishia kodi," anasema. "Sijui ni lile swali au ni ugumu wa maisha."

Utani unaishia hapo. Anapofika kwenye habari za mama mkwe wake anaanza kupanga upya kalamu mezani, na kwa muda mrefu hamtazami mtu usoni.

Mama huyo alianza kwa kuumwa kichwa, kisha akaanguka jikoni. Picha ikaonyesha uvimbe. Akakubaliwa kwenye utafiti, na siku ya kupewa vidonge vya kwanza aliingia chumba hiki hiki, mkoba mapajani. Mwenzake Bwana Kinga, ambaye angempokea badala yake, alikuwa likizo ya uzazi.

"Nilimwamkia mama," anakumbuka. "Nikamuuliza kama baba hajambo. Nikauliza wajukuu. Nikauliza hata kuku. Lile swali nikaliruka."

Mama ana miaka arobaini na minne. Bwana Kinga alijiambia kwamba mwanamke mwenye watoto watano wakubwa ameshastaafu mambo ya kuzaa. Akaandika kuwa hawezi tena kushika mimba, kwa hiyo hana haja ya kupimwa wala kuulizwa. Akamkabidhi dawa, akamsindikiza hadi getini, akajiona mkwe mwema.

Baada ya mwezi mmoja mama alirudi kwa awamu ya pili ya vidonge. Kila mgonjwa hurudisha chupa ili ionekane kama amemaliza vidonge. Chupa ya mama ilikuwa imejaa, kifuniko hakijaguswa.

Daktari akauliza kuna nini. Mama akatazama sakafu. Alipobanwa ndipo aliposema, Bwana Kinga akiwa amesimama mlangoni.

"Nilidhani nina ujauzito," alisema. "Pale kwenye benchi niliwasikia wenzangu wote wakiulizwa. Nikangoja na mimi niulizwe. Sikuulizwa. Sasa ningeanzaje kumwambia mkwe wangu?"

Alipimwa papo hapo. Hakuwa na mimba. Picha mpya ya kichwa, hata hivyo, ilionyesha uvimbe umeongezeka.

"Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe, wala nisingesubiri kusukumwa," anasema Bwana Kinga. "Watu wazima wawili tunaoneana haya, na uvimbe wenyewe hauna haya hata kidogo."

Kazini alipewa onyo. Nyumbani mkewe hakupiga kelele, na hilo lilimuuma zaidi. Alimtengea chakula, akaketi mbele yake.

"Mama za watu unawauliza," alimwambia. "Mama yangu mimi ndiye wa kumwonea haya?"



Mkuu wa utafiti alitaka mama ahamishiwe kwa muuguzi wa kike. Mama mwenyewe akagoma. Anaeleza sababu akiwa kwenye benchi la nje, baada ya kuridhia habari zake ziandikwe bila jina.

"Huyu ameshanijua," anasema. "Wa nini tena mwingine naye anijue?"

Basi wakarudi chumbani wawili hao. Bwana Kinga akageuza kiti chake kuelekea ukutani, mama akageuza cha kwake dirishani. Wakiwa wamepeana migongo, akauliza na mama akajibu. Sindano ya kuzuia mimba aliiacha mwaka jana. Yuko tayari kuirudia mpaka amalize matibabu. Likabaki la mwisho: kama si ugonjwa huu, angependa kupata mtoto mwingine?

"Nilimsikia akifungua mkoba na kuufunga," anasimulia Bwana Kinga. "Kisha akaniambia, 'Ndiyo. Nilipodhani nimebeba nilifurahi, mwanangu. Mwezi mzima nilikuwa na furaha yangu peke yangu. Usinicheke.'"

Hakucheka. Anasema alilia akiutazama ukuta, akashukuru kwamba mama hamwoni.

"Mimi niliyekuwa nimeshamstaafisha," anasema.

Mama ameanza vidonge. Vinamtapisha, na siku nyingine anamwita mjukuu mmoja kwa jina la mwingine kisha anakasirika. Daktari anasema ni mapema mno kujua kama dawa inamsaidia. Asubuhi za kliniki Bwana Kinga huwahi kazini kuliko siku nyingine zote, na bado, mama akiingia, uso unamwiva.

"Ninachoomba ni amalize awamu zote," anasema. "Halafu muda upite, daktari aseme sasa anaruhusiwa, na mimi nimuulize tena lile la mwisho."

Na mama akijibu vile vile?

"Nitaona aibu mpaka basi," anasema, akipangusa kiti cha mgonjwa anayefuata. "Lakini nitamuuliza, na nitangoja ajibu."