Mstari wa Barua Katika Daftari la Shangazi

Shangazi yangu alikaa miaka ishirini na mbili mbele ya ubao wa simu wa kiwanda cha nguo, akiwaunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona. Ubao ulipoondolewa, alikwenda kusomea kompyuta, darasa moja na vijana waliomwita Bibi Haloo. Alitoka huko na kazi ya kutunza seva za majina za ofisi ndogo ndogo.

"Ni kazi ileile," aliniambia. "Mtu akiandika jina la tovuti yako, seva ya majina inaulizwa: huyu anakaa wapi? Barua pepe zake zipelekwe wapi? Asiyejua kujibu asikae pale."

Kila jibu aliliandika pia kwa mkono kwenye daftari lenye jalada gumu. Tovuti mstari wake, barua mstari wake.

Kaka yangu hutengeneza miguu ya bandia. Jina la tovuti yake lilikuwa mikononi mwa Shangazi tangu mwanzo, mpaka alipopata fundi mpya, mwepesi wa mikono na wa maneno. Fundi akajenga tovuti nyingine na kulihamishia jina kwenye seva za kampuni yake. Kaka hakumwambia Shangazi. Ni mimi niliyeponyokwa na habari hiyo mbele yake, Jumatatu, tukikunja mashuka.

"Sawa," alisema Shangazi, akaendelea kukunja. "Mtoto akikua haogeshwi."

Alhamisi nilimkuta kaka karakanani, kakaa mbele ya mguu uliokamilika hadi gotini. Hospitali ilikuwa imeahidi kumjibu wiki hiyo kama itampa kazi ya miguu ya watoto.

"Wamempa mwingine," alisema. "Kimya nacho ni jibu."

"Barua nyingine zinaingia?"

"Hakuna."

"Hata matangazo ya magodoro?"

Akaniangalia. Kisha akavua aproni.

Shangazi alitufungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kumbe njia unaikumbuka."

Kaka alieleza huku akitazama sakafu. Kabla hajamaliza, daftari lilikuwa limeshafunguliwa.

"Fundi wako kahamisha mstari wa tovuti. Wa barua kauacha kwenye seva zangu, na zangu haziulizwi tena. Mpigie, umsomee hivi."

Kaka akasoma kwenye simu polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Fundi akauongeza mstari.

"Na zilizopotea?"

"Hazijapotea. Barua ikikuta mlango umefungwa, aliyeituma hurudi kubisha, siku nne, hata tano. Tulia, baba. Kunywa chai."

Tulikunywa, chai ikapoa, tukapasha nyingine. Nilimtazama kaka akiigeuza simu kifudifudi kisha kuigeuza tena, nikawaza ni watu wangapi nimewanunia kwa sababu tu hawakunijibu.

Baada ya saa mbili hivi simu ikatetemeka. Tangazo la magodoro. Bei za ngozi. Kisha hospitali: kazi ni yake, athibitishe kabla ya Ijumaa jioni. Alijibu palepale, akakosea jina lake mwenyewe, akalifuta, akaandika upya.

Halafu akafungua barua iliyofuata.

"Shangazi, hii ni yako. Ya Jumatatu."

Akaisoma kwa sauti: "Baba, nasikia umehama. Si neno. Mwambie fundi asisahau mstari wa barua, nimekuandikia hapa chini."

Shangazi alikuwa amekishika kikombe bila kunywa. "Nilidhani umeisoma ukaipuuza."

"Sikuiona."

"Ungeionaje?" Akaanza kucheka taratibu, mpaka akavua miwani. "Miaka yote hii, halafu natuma onyo kwenye mlango uleule uliofungwa. Ningepiga simu. Ila nilikuwa nimenuna."

"Nami nilikuwa naogopa kukupigia."

"Hilo nalijua." Akamsogezea daftari na kalamu. "Andika seva zako mpya hapo. Mwandiko usomeke."

Kaka akainama, akaandika ya kwanza, akaandika ya pili, akauliza leo tarehe ngapi.