Tetere wa Pinki wa Koboko

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia shemeji zangu wanaongeza chumvi, na chumvi iliyomo tayari inatosha.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Arua, na ugonjwa wangu ni ndege. Siku ile nilikwenda Koboko kwa wazazi wa Zaituni, msichana niliyetaka kumwoa, na baba yake, mzee Rajabu, alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana. Baba mdogo aliyenisindikiza alinionya njiani, "Ukifika funga domo, mimi ndiyo nitaongea." Nikakubali, nikanyoosha kanzu yangu (nyeupe, mpya, pasi nimepiga mwenyewe).

Tukakaribishwa uani, wazee mkekani, chai imemiminwa, mambo yanakwenda vizuri kabisa, ndipo nikamwona tetere juu ya ua wa matete, pinki kuanzia kifua hadi mkia, na mimi badala ya kunywa chai yangu nikafungua domo.

Nikawaeleza kwamba ndege wa porini akiwa na rangi isiyo yake kuna sababu: wengine huzaliwa wamekosa rangi ya asili wakawa weupe, wengine manyoya hupaushwa na jua, wengine ni chakula wanachokula, kama heroe, yaani flamingo wa ziwani, anayepata pinki yake kwa uduvi.

"Na hii yetu iko na sababu gani?" akauliza mzee Rajabu.

Nikasema, bila kupepesa macho, ni chakula. Baba mdogo akanikanyaga mguu, nikadhani bahati mbaya.

Nikainuka nimkamate niwaonyeshe (hilo kosa la pili), nikamnasa kirahisi nikajiona bingwa, kumbe kalowa hawezi kuruka, akanipigapiga mabawa kifuani, nikarudi nyuma, kisigino kikagonga karai kando ya jiko, nikaketi humo mzima mzima. Karai la rangi ya pinki, ile ya kutia mikeka. Asubuhi mama Zaituni alikuwa amechovya vifaranga humo, kama wafanyavyo wengi huku ili kipanga akiona rangi ngeni aogope, na tetere naye akaja kuoga. Vifaranga wenyewe, pinki wote, walikuwa wakipita miguuni petu tangu tulipofika, ila macho yangu yalikuwa juu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Zaituni alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Nikajua nimempoteza, nikatamani kulia.

Mzee Rajabu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na hii? Imezaliwa hivi, ama ni chakula?"

Mkewe akanirushia khanga nijifute. "Mwache, baba Zaituni. Hapa kwangu kitu nikishapaka rangi iko yetu. Kipanga haichukui tena."

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika, na hapo ndipo baba mdogo alipopata nafasi ya kuongea.

Rangi ile haikutoka. Kanzu ninayo, naivaa kila tukienda kwa wakwe, kwa amri ya mama Zaituni. Na siku hizi nikiona ndege wa ajabu, kwanza natazama chini, kisha nanywa chai yangu.