Waliosema Nimekula Maneno ya Pacha Wangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilikatazwa kusema. Si kwa siku moja, kama mtoto anayeadhibiwa kwa utundu. Nilikatazwa tangu maharage yalipopandwa, nikaambiwa nitafunguliwa yakishavunwa. Leo mimi ni mwanamke mzima mwenye watoto, na nikikumbuka bado damu inanichemka.

Tulizaliwa pacha, wasichana wawili, hapa Rungwe Mpya. Majina yetu hayakuhitaji kutafutwa: kwetu sisi Waha anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Mimi ndiye Bukuru. Nilianza kusema mapema, na nilisema mno. Mama alikuwa akinikumbusha kupumua kwanza. Butoyi hakusema. Ukimwita hakugeuka, lakini tone la kwanza la mvua juu ya bati alilisikia kabla yetu sote. Kanisani ngoma zikianza aliziba masikio. Aliweza kukaa asubuhi nzima akipanga magunzi ya mahindi mstari mmoja, na ukisogeza moja tu alilia mpaka sauti inamkauka. Mimi sikuona ajabu. Alikuwa Butoyi, basi.

Wakubwa ndio waliotaka mkosaji. Kwanza alikuwa Mama: alikula nini akiwa mjamzito, alimcheka nani, alipita wapi. Kisha akaja shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa Nyabibuye. Alinisikiliza nikimsimulia habari za shule, akamtazama Butoyi, akamgeukia Baba.

"Kaka, huoni? Huyu mmoja ana maneno ya watu wawili."

Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Juma lililofuata tulipanda lori, Mama, shangazi na sisi wawili, hadi kwa mganga aliyeaminiwa na shangazi huko kwao. Mzee yule hakumgusa Butoyi kabisa. Alinifungua mimi kinywa, akachungulia, akasema kwamba tumboni mwa Mama nilikula maneno ya mwenzangu. Yangemrudia tu kama ningenyamaza msimu mzima wa maharage. Kila neno nitakalotamka nitakuwa nimempokonya. Kama hiyo ilikuwa mila ya watu fulani, au aliibuni palepale, sijui. Sijawahi kukutana na Mha mwingine aliyeisikia.

Alinipaka majivu midomoni. Shangazi akaninyooshea kidole, "Hora!" yaani nyamaza. Tukiwa njiani kurudi, Mama alinishika mkono.

"Vumilia, mwanangu. Ni kwa ajili ya mdogo wako."

Nikavumilia. Kinachoniuma ni jinsi nilivyokuwa mtiifu. Shuleni mwalimu aliniuliza swali, nikamkodolea macho. Akanichapa akisema nina kiburi, nami nikalia bila sauti, kwa kuwa sikujua kama kilio nacho kinahesabiwa kuwa maneno. Nikirudi nyumbani nilikaa mbele ya Butoyi nikimtazama midomo, nikisubiri kuona maneno yangu yakimfikia.

Mwezi wa nne, alasiri moja baada ya mvua kukatika, Mama alikuwa akipalilia mihogo ng'ambo ya njia pamoja na shangazi, aliyekuja kuona kama dawa inafanya kazi. Butoyi alinyanyuka, akashika njia ya kwenda kwenye shimo la kufyatulia matofali. Masika yalikuwa yamelijaza maji, na Butoyi alipenda maji yanayometameta. Nilimkimbilia. Sikumwita. Alipofika ukingoni udongo ulimomonyoka, akatumbukia.

Nilisimama. Nasema kweli, nilisimama. Niliwaza kwamba nikipiga kelele, hatasema maisha yake yote. Niliuona mkono wake juu ya maji, kisha sikuuona. Hapo ndipo sauti iliponitoka.

"Mama! Butoyi anazama!"

Mama alikuja akiruka matuta, akaingia majini na nguo zake, akamtoa. Butoyi alikohoa tope, akavuta pumzi. Shangazi alipofika hakumtazama aliyeokolewa. Alinitazama mimi.

"Umeshaharibu," alisema. "Yalibaki majuma machache tu. Sasa ndiyo basi, hatasema."

Mama aliinua uso uliojaa tope. "Wifi, toka nyumbani kwangu."

Lilikuwa neno zito, na Baba alimnunia Mama kwa ajili ya neno hilo muda mrefu. Lakini maneno ya shangazi yalikuwa yameshaniingia. Butoyi hakusema mwaka ule, wala uliofuata, na kila mwaka nilijua ni nani aliyemharibia.

Nilikuwa mtu mzima, nikisomea ualimu Kasulu mjini, siku mkufunzi alipoandika ubaoni neno ambalo sikuwa nimeliona: usonji. Alisema ubongo wa watoto wenye hali hiyo hukua kwa namna yake tangu tumboni. Watafiti wameona kurithi kuna sehemu kubwa, na mengine bado wanayachunguza, lakini hakuna laana na hakuna mzazi aliyekosea. Hakuna dawa ya kuuondoa. Mtoto hufundishwa, kwa picha, kwa ishara, kwa subira. Wengine husema, wengine hawasemi. Wenzangu walinakili. Mimi nilitoka kwa hasira nikasimama nyuma ya darasa. Miaka yote ile tulitafuta wa kumlaumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfundisha Butoyi kuonyesha kwamba ana kiu.

Likizo ile nilianza kumfundisha mwenyewe, kwa picha nilizochora kwenye vipande vya maboksi. Ilituchukua miezi, likizo kwa likizo, mpaka siku aliponiwekea mkononi picha ya kikombe. Mama alikaa chini akalia. "Kumbe angeweza kutuomba maji," alisema.

Sasa wazazi wa watoto kama Butoyi hunijia shuleni ninakofundisha na wakosaji wapya: chanjo, dhambi za mama, jicho la jirani. Mimi huwajibu kwa ukali, na wapo walioniambia ukali huo haumfai mwalimu. Pengine. Shangazi alishafariki, nilimzika na nilimlilia, maana kwa njia yake alimtaka Butoyi apone. Mama aliniomba msamaha, nikampa bila kusita. Lakini kuna muda ule mfupi pale shimoni, mtoto wa miaka minane amefumba mdomo, akiwaza kama ni heri pacha wake apumue au aseme. Watu wazima ndio waliomweka pale. Wao nimewasamehe, mmoja mmoja. Muda ule sijausamehe, na sina mpango wa kuusamehe.