Mbuzi Aliyefuata Kopo

Watu wa kwetu Meru wakimwona mbuzi mkubwa aliyehasiwa, wanaona kitu kimoja tu: ndafu. Machoni mwao ameshabanikwa mzima, amesimamishwa mezani ukumbini na majani mdomoni, na bibi harusi anamkata vipande na kuwalisha wazee wa pande zote mbili. Ndiyo maana nilipoanza kumfundisha mbuzi kubeba mizigo, nilichekwa na kila aliyepita njia ya shambani. Kaka yangu peke yake hakucheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mimi naishi mjini, Njiro, ndani ya ukuta, na uwanja wangu unatosha gari tu. Kaka ndiye aliyebaki mlimani kwenye migomba na kahawa ya baba. Msimu wa kuwinda ndege ukifunguliwa tulikuwa tunachukua kibali, tunakwenda upande wa Oldonyo Sambu kutafuta kanga na kwale. Kule ni kukavu, maji unabeba mwenyewe, na magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika. Punda wamejaa kule, najua, kila mtu aliniambia. Lakini punda akijisikia kulia analia, na kanga wa korongo zima wanahama. Mbuzi ana adabu zaidi, tena anapita kwenye majabali ambako punda anagoma.

Tulimchagua pamoja, mimi na kaka, zizini kwake, kati ya watoto wa mbuzi wake wa maziwa, maana hao chotara wanarefuka kuliko wa kienyeji. Nilitazama miguu iliyonyooka, kwato zilizobana, kifua kipana, mgongo usiobonyea. Kisha nikaketi chini, kwenye samadi kavu, nikanyamaza. Huo ndio mtihani wenyewe. Wote walikimbilia kwa mama zao isipokuwa mmoja, aliyekuja akaninusa sikio na kuanza kutafuna kola ya shati.

"Basi," kaka akasema, "huyu kazi ameiomba mwenyewe."

Tulimhasi mapema, kwa sababu beberu harufu yake inafika kabla yenu. Nilipanda mlimani kila Jumamosi kumfundisha, na siku nyingine kaka aliendeleza. Chombo chetu kilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye punje za mahindi. Ukilitikisa, anakuja. Ukitembea nalo, anafuata. Kamba niliikataa tangu mwanzo, maana mbuzi wa kamba akiteleza kwenye mteremko mnaanguka wote. Nilitaka anifuate kwa kupenda. Na kopo likinyamaza, alitakiwa aje asimame kando ya mguu wa mwenye kopo, atulie, apakiwe mzigo.

Maji aliyachukia kama mbuzi wote. Ilibidi nivue viatu nisimame katikati ya kijito cha chini ya shamba, nikitikisa kopo na kutetemeka kwa baridi, mpaka aliponihurumia akaingia. Mlio wa bunduki tulimzoesha kwa kugonga sufuria, na shemeji, mke wa kaka, alitununia kwa sababu sufuria zilikuwa zake. Matandiko alinichongea fundi seremala ambaye hadi leo anaamini sina akili timamu. Tulianza na madumu matupu, tukaongeza maji kidogo kidogo kadiri alivyokua, kwa sababu mgongo wa mbuzi mchanga ukiuharakisha umeuharibu. Pembe yake ya kushoto ilipinda ikawa inanasa mkanda. Nikaikata ncha kwa msumeno na kuilainisha kwa tupa, naye ametulia, anatafuna.

Alipokomaa alikuwa raha tupu. Bunduki ikilia, alitikisa masikio tu. Kaka alikunywa maji yaliyobebwa na mgongo ule, akampapasa shingo akisema hajawahi kuwinda kwa starehe namna hii. Jirani mmoja alipouliza ndafu huyo analiwa lini, kaka alimjibu kwa ukali.

"Huyu ana kazi kuliko wewe."

Nilimpenda sana kaka yangu siku ile.

Kisha binti yake akapata mchumba. Kwenye kikao cha familia, ilipofika habari ya ndafu, kaka alisema, "Hilo niachieni mimi." Tukamwachia. Wiki ya harusi nilimpigia simu, nikaulizia na mbuzi wetu.

"Yupo," alisema. "Anakusalimia."

Ukumbi ulikuwa Themi. Muziki ukapandishwa, mshereheshaji akatangaza ndafu anaingia, watu wakasimama wakicheza na kupunga vitambaa. Na mimi nilisimama nikipunga changu. Waliombeba walipopita mbele ya meza yetu niliiona pembe ya kushoto, ncha imekatwa, imelainishwa kwa tupa.

Nilimtafuta kaka kwa macho. Alikuwa akiangalia sahani yake.

Wakaniita mbele, maana mimi ni baba mdogo wa bibi harusi. Yule mtoto alikuwa anang'aa kwa furaha na hakujua lolote. Akakata kipande, akapiga goti, akakiinua. "Karibu, baba mdogo." Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na simu zinarekodi. Nilifungua mdomo. Nyama ilikuwa laini, nikaimeza, watu wakapiga makofi.

Nilimpata kaka nje, kwenye magari.

"Kaka, ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningetafuta mwingine."

"Mlima mzima hakuna mwenye umbo lile, na wakwe wangesema." Hakuona haya. Alinionea huruma, na hilo lilinichoma zaidi. Akaniwekea mkono begani, akashusha sauti kama anayefariji mfiwa.

"Wala hakuteseka, mdogo wangu. Wenzake wanaburutwa wakilia. Yeye nilitikisa kopo tu, akanifuata mpaka kwa mchinjaji. Nilipolinyamazisha akaja akasimama kando ya mguu wangu, ametulia, anasubiri mzigo. Kwa kweli ulimfundisha vizuri."