Mtamba wa Mwalimu

Nikimsikia mtu akisema kwamba mwalimu mwema hulipwa na mafanikio ya wanafunzi wake, hasira hunipanda. Nani kamwambia? Mwalimu wangu mimi alilipwa kwa kufukuzwa kazi, na aliyemponza hakuwa adui yake. Alikuwa baba yangu, kwa kumshukuru.

Tulikuwa Wasukuma wa Usangu. Baba alihama na ng'ombe wake kutoka kaskazini akitafuta majani, akafika huko miaka ya sabini ndiyo kwanza inaanza, na wenyeji wakatupokea kwa jicho la pembeni. Hakuwa na mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo mchungaji nilikuwa mimi. Niliandikishwa shule kwa sababu serikali ilitaka, lakini darasani nilionekana kwa nadra. Kiangazi kikikolea tuliwafuata ng'ombe kwenye majani mabichi ya kando ya mto, na shule ikasahaulika.

Mwalimu alikuwa Mhehe wa Iringa, mwanamke kijana bado, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya kilima. Alipangiwa kwetu akitoka chuoni, na walimu wenzake walidhani ataomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha, maana mbu wa Usangu hawana adabu. Hakuomba. Alipoona watoto wa wafugaji hawaji, aliuliza siku ya kuogesha ng'ombe ni ipi. Siku hiyo, baada ya vipindi, alitokea joshoni na kipande cha ubao kichwani, akakiegemeza kwenye uzio, akatufundisha hapo hapo huku tukingoja zamu na dawa ya kupe ikituwasha macho.

Siku ya kwanza aliharibu. Alininyooshea kidole akasema, "Haya, wewe. Hesabu ng'ombe wa baba yako, kwa sauti."

Watu wakageuka kumtazama. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa sauti. Ni kuwaitia kifo. Baba alitema mate chini, akaniita niondoke. Mwalimu mwingine angetuita washenzi, na walikuwapo waliotuita hivyo mbele ya darasa zima. Yeye alimfuata baba, akapiga goti kama wanavyosalimia kwao, akamwuliza amekosea nini. Alipoelezwa alicheka, akajicheka mwenyewe, akasema, "Kumbe! Basi tutahesabu ng'ombe wa mwalimu mkuu, ambaye hana hata ndama."

Baba alicheka mpaka akaegemea fimbo. Tangu siku hiyo tulijifunza kujumlisha, kugawanya na asilimia kwa mifugo ya mwalimu mkuu, ambayo ilizaa, ikauzwa mnadani na kufa kwa ugonjwa wa ndigana kila wiki. Habari zilimfikia mwenyewe. Hakuwa mtu wa kutaniwa.

Nilipofika darasa la saba, mwalimu alimwomba baba anipumzishe kuchunga ili nijiandae na mtihani. Baba akauliza, kwa haki kabisa, ng'ombe watachungwa na nani. Mwalimu akasema Jumamosi atachunga yeye. Tulidhani ni maneno. Jumamosi akaja, amejifunga kanga kiunoni, akachukua fimbo yangu, akanikalisha kwenye kichuguu na karatasi za mazoezi. Namwona mpaka leo, mwalimu wa serikali na cheti chake, anakimbizana na ndama kwenye mpunga wa watu huku anatukanwa Kisangu. Jioni alisahihisha kazi yangu miguu ikiwa imechanika kwa miiba. Nilimpenda kupita kiasi, na sioni haya kusema.

Nilifaulu. Nikachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Iringa, na katika shule yetu nzima nilikuwa peke yangu. Wakati ule nafasi ya sekondari ilikuwa kama tone la maji kiangazini. Kila aliyekosa alitaka kujua aliyepata amepataje. Na aliyepata ni mtoto wa wahamiaji, tena wa kike, tena mchunga ng'ombe.

Hapo ndipo baba alipotaka kushukuru.

Kwetu mtu aliyekufanyia jambo kubwa humpi maneno. Unampa ng'ombe, tena ng'ombe jike, azae, ili shukrani iendelee kuishi kwake. Na ng'ombe hatolewi kichochoroni. Anatolewa mbele ya watu wengi kadiri inavyowezekana, ili kesho asitokee mtu wa kusema ameibwa. Zawadi ya kificho ni ya mwizi au ya mchawi. Kwa hiyo baba, kwa heshima yote aliyokuwa nayo, akaulizia ni siku gani shuleni kutakuwa na watu wengi. Akaambiwa afisa wa elimu anakuja kutoka wilayani kukagua darasa jipya, na wazazi wote wameitwa. Baba akafurahi. Shahidi mkubwa kama afisa hapatikani kila siku.

Tulifika na mtamba mwekundu, mzuri kuliko wote zizini, shangazi zangu wakipiga vigelegele. Baba akasimama katikati ya uwanja, akavua kofia.

"Mtoto yangu ilikuwa inachunga," alisema. "Sasa inaenda Iringa. Bila huyu mwalimu haiwezi kufaulu, hata kidogo. Kwa hiyo ng'ombe hii ni ya kwake. Nyote mmeona."

Wote waliona. Mwalimu alisimama mlangoni mwa darasa, mikono imeshika mashavu. Nilidhani ni furaha. Mwalimu mkuu alimwinamia afisa, akamnong'oneza, na afisa akatoa kalamu.

Walikaa ofisini mchana ule ule. Mimi nilisimamishwa ukutani kama ufagio, kwa kuwa jambo lilinihusu, ila hakuna aliyeniuliza kitu. Afisa alisema jambo liko wazi: mzazi ametamka kwa kinywa chake kwamba bila mwalimu mtoto asingefaulu, na ametoa ng'ombe. Maana yake mtihani umeuzwa. Mwalimu atashtakiwa, na nafasi ya mtoto itapewa mwingine. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo hata mimi, katika umri ule, niliona ni ya kuvaa tu.

Mwalimu alieleza desturi yetu. Akaeleza josho, akaeleza Jumamosi zile. Afisa akapiga miayo. Aliitwa baba, akasema ng'ombe ametoa kwa hiari yake na angeweza kuongeza mwingine. "Umesikia?" afisa akamwambia mwalimu. "Amekiri."

Mwalimu alinitazama mara moja tu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe nilimdai mimi. Majina ya waliofaulu yalikuwa yameshatoka. Nilimtisha mzee kwamba asipotoa, mtoto hataondoka. Kwenye mtihani hakuna aliyemsaidia. Alifaulu kwa akili yake."

Baba akaruka kutoka kwenye kiti. "Mimi? Kutishwa na nani?"

Mwalimu alimpigia goti mbele yao wote, kama siku ile joshoni. "Baba, nakuomba," alisema. "Nyamaza. Kwa ajili ya mtoto."

Baba alinyamaza. Sijui kama waliokuwa mle ndani walijua wamemnyang'anya nini mtu yule. Kutangazwa mbele ya serikali kwamba ametoa ng'ombe kwa woga, kwa mwanamke, na asijibu! Alijua kwa nini mwalimu amesema uongo, alinieleza mwenyewe baadaye. Hata hivyo hakumsamehe. Asubuhi iliyofuata mwalimu, ameshafukuzwa, alipokaa barabarani na sanduku lake akingoja lori, baba alipita na ng'ombe hatua chache kutoka kwake, akatazama mbele. Nikitaka kumkasirikia baba namhurumia, na nikitaka kumhurumia nakumbuka lile sanduku.

Na mtamba? Alishikiliwa kama kielelezo. Kielelezo kikachinjwa siku ya sherehe ya kufungua darasa jipya, wazee wa kamati wakala, mwalimu mkuu akala, na afisa, ambaye alikuwa mgeni rasmi, alifungiwa paja la kupeleka nyumbani. Haki ilishiba siku hiyo.

Mimi nilikwenda Iringa. Nilishuka basi Ipogolo, bondeni chini ya mji, kwenye baridi, nikaupanda mlima na godoro kichwani, nikasoma kama mtu anayelipiza kisasi. Nilikuwa na walimu wazuri. Mwisho wa kila mwaka shule ilituhimiza tuwashukuru walimu waliotufikisha pale, wenzangu wakasimama mmoja mmoja, wakawataja walimu wa vijijini kwao, watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa. Ningesimama niseme nini? Kwamba wangu ni mla rushwa, kwa mujibu wa faili la wilaya?

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa likizo ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Nilifikia kwa shangazi yangu Ilomba, mjini Mbeya, naye akaniambia amesikia mwalimu yuko Makongolosi, huko Chunya, anawapikia wachimbaji wa dhahabu. Nilidandia lori la Chunya, nikafika sare yangu ya shule imekuwa nyekundu kwa vumbi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Kibanda cha chakula kilikuwa kimoja tu cha maana, nje yake imeegeshwa Landrova ya serikali. Mwalimu alikuwa amekonda, amejifunga kanga kiunoni vile vile, anapakua ugali. Nilisema kabla sijatazama wengine, "Shikamoo, mwalimu."

Mtu mmoja kwenye benchi akainua kichwa kutoka kwenye sahani. Alikuwa afisa yule yule. Alikuwa amepanda cheo na kuhamishiwa upande huo, na kwa kuwa Makongolosi hapakuwa na pengine pa kula, alikula kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfukuzisha kazi, tena akimtania kama jamaa.

"Mwalimu?" alisema, akinitazama sare. "Bado una wanafunzi, mama? Huyu si yule wa ng'ombe?"

Nilikuwa nimebakiza mtihani tu. Neno moja la yule bwana lingetosha kufufua faili lile, nami nilijua, na mwalimu alijua kuliko mimi. Aliendelea kupakua.

"Huyu simjui," alisema. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni kama unavyomtazama mpita njia. "Umenifananisha, binti. Kama unatafuta gari la kurudi Mbeya, linapakia pale kwenye stoo ya tumbaku. Wahi, litakuacha."

Katika yote niliyoyapanga njiani, yalibaki maneno mawili.

"Asante, mama," nilisema.

Alikwishanipa mgongo, anamwongezea afisa mchuzi.