Mama Mwenye Miaka Minane

Hilario, mpasua mbao wa Makambako, kila asubuhi kabla hajanywa chai alisimama mbele ya binti yake wa miaka minane akasema, "Shikamoo, mama." Na binti, huku anatafuta kiatu cha pili chini ya kiti, alijibu, "Marahaba, mwanangu."

Msicheke bado. Mtoto alipewa jina la bibi yake, Yudita, aliyefariki mwezi uleule aliozaliwa yeye. Kumwita binti "mama" kwa sababu ya jina ni kawaida huku. Watu wanatania kidogo, maisha yanaendelea. Hilario hakutania hata chembe. Hakumtuma chumvi, hakumkaripia, na mezani hakugusa kiazi mpaka mama ale kwanza. Mkewe Beatrisi alikuwa hoi. "Wenzangu mmeolewa mkawakuta wakwe," aliwaambia majirani bombani. "Mimi wangu nimemzaa mwenyewe, tena mkali!"

Basi Jumatatu moja mtoto akarudi kutoka shule amenuna. Wamefagishwa uwanja, baridi inauma, haendi tena. Beatrisi akamtazama mumewe. Hilario akakuna kichwa.

"Mama kashasema haendi," alisema. "Mimi ni nani?"

Jamani! Wiki tatu mtoto yuko nyumbani, amejifunga blanketi, anaota moto. Ya nne ikaja barua: Hilario afike ofisi ya kata, yeye, mkewe na mtoto.

Afisa ustawi wa jamii, Bi Angela, alikuwa mwanamke mpole ila hana muda wa kupoteza. "Baba, sheria iko wazi. Mtoto unayeishi naye una wajibu wa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu."

"Vinne natoa, mheshimiwa. Juzi nilimpeleka mpaka hospitali ya Ikonda, jino tu lilikuwa linacheza."

"Na elimu?"

"Hilo amekataa." Hilario akamwonyesha mtoto kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Mtoto alikuwa anatafuna mhindi wa kuchoma. "Sasa mzazi wangu nitamlazimishaje?"

Bi Angela aliweka kalamu mezani. Akamtazama Beatrisi, labda huyu ana akili zake. Beatrisi akatazama dari.

"Sikiliza, baba. Jumatatu asipokuwa darasani, faili linakwenda mahakamani. Na atakayesimama kizimbani ni wewe."

Mtoto akaacha kutafuna. "Mwanangu hana kosa," alisema.

Beatrisi akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Lakini mtoto hakuwa anacheka. "Watamfunga?" akauliza.

"Wanaweza," alijibu Bi Angela. "Kwa hiyo nenda shule, mwanangu."

"Nani ataniambia niende?" Mdomo ulianza kumcheza. "Jasmine wa jirani, jioni baba yake anamwita, njoo ndani, baridi hiyo. Anakasirika, lakini anaitwa. Mimi naachwa nje mpaka nitakapoamua mwenyewe."

Kicheko cha Beatrisi kikakatika. Hilario akamgeukia mtoto. Kumbe jioni zote hizo, yeye kakaa ndani akijisifu kwa heshima yake, mtoto yuko kibarazani na baridi ya Makambako anasubiri kuitwa! Aibu ilimshika, aibu ya kweli, iliyozidi hata hofu ya mahakama.

Akasimama, akavua kofia. Alitazama juu, kule anakoamini marehemu yuko. "Nisamehe, mama," alinong'ona. Tangu mtoto abatizwe hakuwa amelitamka jina lile hata mara moja. Mama mzazi haitwi kwa jina.

"Yudita," alisema.

"Abee, baba." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka minane.

"Jumatatu unaenda shule."

"Ndiyo, baba."

Bi Angela akaanza kuandika. Mtoto akasogea, akajibanza kwenye koti la baba yake lililojaa vumbi la mbao. "Niite tena," alisema.

Hilario akamwita tena. Akaitikia. Akamwita mara ya tatu, ya nne, na kila mara akaitikia, mpaka Bi Angela akawaomba wampishe mtu anayefuata.