Munganga Mwenye Alinitoa Inje

Mwaka 1951, nikiwa na miaka hamsini na mbili, mateso ilianza ku sahani. Bibi yangu, mama wa batoto wangu, alipika bukari ya unga na sombe ya majani ya muhogo, tukakula, akaosha bintu. Kisha kidogo akaweka tena maji ku moto, akapika bukari ingine, akaniletea. Nilikula. Kesho yake, vile vile. Jirani wetu, muntu wa utani na siye, akacheka toka lupango ya nyumba yake: "Muzee, siye tunakula mara moja, we mara mbili. Utajiri hiyo." Na mi nilicheka.

Mi ni fundi wa matofali. Nilisoma miaka mbili tu kwa bapadri; jina yangu naandika, basi. Nilifika Élisabethville na miguu, nikabeba udongo ya bantu bengine mpaka nikapata tanuru yangu. Bibi njo alikanyaga ile udongo miaka yote, mi nikikata matofali. Nyumba mingi mu cité, mitaa ya bantu beusi, iko na miguu yake ndani. Nasema ile juu mujue: haikuwa mwanamuke wa kusahau-sahau.

Siku moja alienda kuchota maji, hakurudia. Nilimukuta ku kambi ya kazi, mbele ya nyumba yenye tuliachaka zamani, anagombana na bantu ba ndani: "Mutoke mu nyumba ya bwana yangu." Njo niliogopa. Nikasema nitatafuta munganga, na haitakuwa munganga wa bure. Nilitaka anirudishie bibi yangu vile alikuwa.

Wa kwanza alikuwa muzungu, mu mji. Nilivaa veste, nikamuvalisha bibi kikwembe kipya. Muzungu akamuuliza: "Mama, uko na miaka ngapi? Batoto bangapi?" Nikajibu mi. Kwetu, bwana akiwa pale, bibi hasemi na mwanaume mugeni. Bwana njo kinywa. Majibu yote ilikuwa ya kweli, tena muzuri. Muzungu akaandika, akatupa dawa ya damu, akasema mama amechoka tu.

Wa pili alikaa upande wa Kasomeno. Tulipanda camion, siku nzima mu vumbi. Alikuwa muzee wa mizizi, bantu balimusifu sana. Naye akamuuliza bibi, na mi nikajibu. Akamupakaa dawa ku kichwa, akasema tumechelewesha matanga ya mama yake. Tulifanya ile matanga, nikachinja mbuzi. Bibi alilia muzuri, kisha akaniuliza nani amekufa.

Ilibaki infirmier, muuguzi wa dispensere, karibu na kwetu. Kwake sikutaka kuenda, nasema wazi. Baba yake alinibebea matofali. Nitapeleka bibi yangu kwa mutoto wa mubebaji? Nilikaa na ile kiburi mwaka mzima, na mu mwaka ule bibi alisahau majina ya batoto wetu bote babili.

Tukaenda. Akauliza, nikajibu. Akauliza tena, nikajibu tena. Akaweka kalamu chini.

"Baba, mugonjwa ni nani?"

"Bibi yangu."

"Basi uniachie yeye. Benchi iko inje."

Toka nipate tanuru, hakuna muntu alinisemesha hivyo. Nilitoka na hasira, nikakaa. Mulango ulibaki wazi.

"Mama, ule baba wa ku benchi ni nani yako?"

Bibi akaniangalia ku mulango. "Ni bosi wa matofali. Muntu muzuri, lakini anasemaka sana, huwezi kuweka neno." Infirmier akacheka, naye akacheka. Miaka mingi sikumusikia akicheka na muntu. Kisha akasema: "Bwana yangu akitoka kazi, atakuja kunitwaa."

Infirmier alitoka, akakaa karibu na mi, macho chini, kwa heshima.

"Baba, huu ni ugonjwa wa ubongo. Dawa yake haiko, hapa wala kwa bazungu. Munganga mwenye atakuambia atamuponyesha, umukimbie. Na akiuliza bwana yake iko wapi, usimubishie."

"Bengine hawakuona ile?"

"Walikuona we, baba. Yeye hawakumuona."

"Ungeniambia mbele."

"Haukuja."

Nilimuchagua yeye. Alimuangalia bibi miaka tatu, mpaka mwisho, na mi nilikaa ku benchi kila mara, kimya. Jioni bibi aliniuliza: "Bosi, bwana yangu hajatoka kazi?" Mwanzo ile ilinikata. Kisha nikajifunza kujibu: "Iko njiani, mama." Alikufa wakati wa baridi, anamungojea, na mi pembeni yake.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, byumba bine. Tanuru moja. Forme sita za mbao za kukatia matofali. Kinga moja ya kupanda, magurudumu mapya. Mbuzi tisa. Veste moja, ile ya kwa muzungu. Kikwembe kimoja, alikivaa mara moja tu.